Flashi Niliyompa Kavira

Bunia, siku ya tano ya juma. Mvula tangu asubuhi, ile ndogo-ndogo isiyotaka kukatika, na vumbi yote ya mutaa wetu wa Mbunya imekuwa matope. Hakuna muteja. Nimeegesha mulango nusu, niko peke yangu mu sekretariati yangu ya kuandikia watu, ninaandika haya ku mashini yangu, kompyuta ya zamani. Tangu juzi chakula hakina ladha mu kinywa.

Niseme kwanza, nisizunguke: niko na wivu.

Si ule wivu wa kucheka nao na wenzako. Huu wangu ni mubaya. Nikimuona anapita na kitenge kipya, najiambia moyoni "aende huko" mbele hata hajanisalimia. Halafu ananisalimia vizuri, kama dada yake mukubwa, "Yaya, umeamukaje?", na mi najibu vizuri, na ninachukia vile nilivyojibu. Jina lake ni Kavira.

Alikuja na bwana yake kutoka Butembo mwaka uliopita, akafungua sekretariati karibu na yangu. Karibu gani? Ukuta mmoja tu wa mbao. Mi niko hapa miaka sita. Watu wananiletea barua za kuomba kazi, wanafunzi wananiletea kazi zao za kumaliza masomo zikiwa zimeandikwa na biki, ninazitia mu mashini, ninatoa karatasi, ninafunga. Miaka sita, na yeye kwa miezi mitatu mulango wake ukawa na mustari wa watu. Vidole vyake vinakimbia. Anacheka na kila mutu, kicheko cha sauti kubwa, na mbao zinanipitishia chote. Kuna mwalimu mmoja, muteja wangu wa siku nyingi, nilimuona anachungulia kwangu kama kuna watu. Hakukuwa mutu! Akapita, akaenda kusimama ku mustari wa Kavira.

Kusema kweli mashini yangu ilikuwa taabu. Ulikuwa unaiwasha, unaenda kununua makala ya kupikia, unarudi, bado inazungusha kaduara kake. Njo shemeji yangu wa Kisangani aliniambia ku simu kuhusu Linux ndogo-ndogo, mifumo ya kuendesha mashini, zile zinakaa ndani ya flashi. Hauondoi kitu mu mashini. Unachomeka flashi, unawasha, mashini inasoma kule na kuacha diski yake ya zamani ilale. Na flashi unaitia mu mufuko, unaenda nayo popote.

Basi nikajaribu, wiki tatu nzima, peke yangu, na ka-Kiingereza kangu ka kubahatisha. Ya kwanza ilikuwa antiX. Nyepesi, lakini na mashini yangu hawakuelewana, skrini ikabaki nyeusi. Nikaweka Slax. Nzuri ya kutazama! Nikafurahi kama mutu aliyenunuliwa viatu. Lakini memori yangu ni ndogo, nikifungua programu ya kuandikia, mashini inaanza kuhema. Ya tatu ikawa Puppy. Hiyo inaingia yote mu memori mara moja, nyuma yake kila kitu kinafunguka mbele haujaondoa kidole. Siku ile niliwasha na kuzima mara nne, kuangalia tu.

Iko na shida moja, na niliijua kwa machozi. Kama flashi ni mupya, kila kitu unachofanya kinakaa mu memori tu. Unaweza kubonyeza "hifadhi" mara mia, ukizima kimekwisha. Wakati wa kufunga inakuuliza swali moja kwa Kiingereza, kama unataka ikuwekee kazi yako. Mi nilipoteza barua ya papa mmoja muzee ya kuomba kiwanja, kurasa mbili, nikaiandika upya huku amesimama ananiangalia. Tangu siku ile nilibandika karatasi ku ukuta, herufi kubwa: HIFADHI KU DISKI. UKIFUNGA, SEMA NDIYO.

Karatasi ile iko mbele yangu sasa.

Siku ya Mungu iliyopita, nyuma ya ibada, prezida wa korali yetu ya wamama alisimama na tangazo. Kitabu cha nyimbo za Mama Lotsove kitaandikwa, kitoke mbele ya sikukuu ya korali. Siye wote tulipiga vigelegele. Mama Lotsove ni wa kwetu, alikimbia vita ya Djugu na watoto na sufuria moja. Daftari yake ya nyimbo iliungua pamoja na nyumba. Nyimbo alizitunga mwenyewe, zote ziko mu kichwa chake, na kichwa chenyewe kimeanza kuchoka. Mi ni sekretari wa korali. Nilianza hata kusimama.

"Kazi hiyo tumemupa Mama Kavira," prezida akasema, "juu yeye anaandika mbio, na karatasi zake ziko mupya."

Nikakaa. Nikapiga makofi na wengine, na nikaimba wimbo wa kufunga, na ku njia ya kurudi nikamufokea mutoto wangu bila sababu. Nilifikiri maneno mabaya: huyu amekuja juzi tu, Djugu haijui, lugha ya kwetu haijui, atasikia nini mu nyimbo zile? Nimeyaandika hapa ili yanifedheheshe, maana yanastahili.

Siku ya pili ya juma, diski ya mashini ya Kavira ikafa. Akaja kwangu, mikono amekunja kama mutu wa kuomba maji.

"Yaya, nisaidie. Mashini yangu imekufa, na kesho Mama Lotsove anakuya. Wanasema weye uko na flashi ya mayele, ya akili nyingi, inafufua mashini."

Eeh, nilisikia utamu! Yeye, kuja kwangu! Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, na alikuja kukiomba. Nikamutengenezea flashi mupya, safi kabisa. Nikamuonyesha ku mashini yangu namna ya kuwasha, namna ya kuchagua flashi, wapi programu ya kuandikia iko. Nilimuonyesha kila kitu.

Kila kitu ila kile cha ku karatasi. Na karatasi hakuiona, kwa sababu nilisimama mbele yake. Nilijua kabisa nimesimama wapi. Nilisikia pembe yake ikinikwaruza shingoni.

Juzi asubuhi akawasha. Mu muda wa saa moja tu, ku upande wa pili wa mbao, nikamusikia anafurahi peke yake: amebadilisha rangi ya skrini, amepata namna ya kuandika zile herufi za lugha ya kwetu zenye alama juu. Mi herufi zile nilihangaika nazo siku tatu! Nilitaka kulia.

Halafu Mama Lotsove akafika, akapewa kiti, akaanza kuimba. Anaimba mustari, anangoja, vidole vya Kavira vinakimbia, anaimba mwingine. Maneno ya lugha ya kwetu anamurudilia polepole mpaka aandike sawa. Mi kazi yangu niliacha. Nilivuta kiti mpaka ku mbao, nikaweka sikio, nikabaki hapo muchana wote. Niliwaambia wateja wawili nina homa.

Nilikuwa ninangoja akosee. Njo hiyo sababu, sina nyingine.

Mama akafika ku wimbo mmoja ambao sijawahi kusikia ku korali. Ni wa siku waliyokimbia, walipovuka muto; kwa Kiswahili unasema hivi: "Maji yakafika kifuani, Baba, mukono wako uko wapi? Mutoto mugongoni halii, amesikia mbele yangu hatua zako." Mistari minane. Aliimba mara mbili bila kusimama, na mara ya pili sauti ilikatika kidogo ku mwisho. Kavira akaandika, akihangaika na herufi. Na mi, na sikio langu la mwizi, nililia.

Saa kumi, nikamusikia anasema: "Mama, tumemaliza. Yote nimehifadhi. Ngoja nifunge mashini, nikusindikize."

Nikasimama. Mukono wangu ulikuwa ku mbao. Nilijua swali linakuja ku skrini yake, kwa Kiingereza, na kwamba mutu aliyekwisha kuhifadhi kila wimbo atajibu hapana, maana amemaliza. Ilibaki nigonge tu. Ilibaki niite "Kavira, sema ndiyo!" Wakati ulikuwepo, hata wa kusema mara mbili. Nilisikia anasoma swali kwa sauti ndogo.

Nikakaa tena.

Jana asubuhi nilisikia anawasha, anabonyeza-bonyeza, anazima, anawasha tena. Halafu kilio. Akaja kwangu bila kujifunga vizuri kitambaa cha kichwa. "Yaya, nimeharibu kazi ya mama. Sijui nilifanya nini." Unajua nilimujibu nini? Nilimuambia: "Pole. Pengine ulibonyeza mubaya." Nilisema hivyo. Na uso nikauweka wa huruma. Alivyotoka niligeuka, nikaiona karatasi, herufi zote kubwa. Bahati yake machozi yalikuwa yanamuziba macho. Bahati yangu, nataka kusema.

Nilifikiri watamukaripia. Wapi! Mama Lotsove alimukamata kichwa. "Mutoto, acha kulia. Kichwa changu kingali kipo, tutaanza upya." Prezida wa korali akapita na termosi ya chai na mikate ya mafuta, kwa ajili ya Kavira, atie nguvu! Mi miaka sita ninaandika barua za korali, sijapewa hata kikombe. Ubaya nimeufanya mi, na mapendo yote yameenda kwake. Na wivu? Haukupungua hata kidogo, uliongezeka.

Wakaanza upya, safari hii na biki mu daftari kwanza, na nyimbo zikarudi, moja nyuma ya nyingine. Mpaka ku ule wa muto.

Mama akaimba mustari wa kwanza, wa pili. Akasimama. Akarudia. Akajaribu mara ya tatu, polepole, akipiga kidole ku meza. "Imekimbia," akasema. "Ile siku ya kwanza ilikuya yenyewe. Tangu tutoke Djugu sikuwa nimeimba ile wimbo hata mara moja." Kavira akamuuliza kama anakumbuka hata neno moja la mbele. Hapana. Na Kavira naye aliusikia akihangaika na herufi, maneno ya kwetu hayakai kwake. Nilisikia Mama anavuta pumzi, na ilikuwa pumzi ya mutu aliyechoka sana.

Na mi, ku upande huu, nilikuwa nao wote. Mistari minane. Tangu juzi ninauimba chini-chini bila kujua, jana ninapika sombe mutoto wangu ananiuliza, "Mama, hiyo wimbo mulijifunza lini?" Nikamuambia aende kuteka maji.

Tazama sasa nilipojifunga. Nikienda kuuimba, swali la kwanza ni: umeujuaje? Niliweka sikio ku mbao muchana wote. Swali la pili litakuja lenyewe: basi ulisikia anasema anafunga mashini? Nilisikia. Swali la tatu: mbona haukugonga? Prezida atajua, korali itajua, wateja wangu waliobaki watajua. Nikinyamaza, kitabu kinatoka bila wimbo wa muto, kesho kinapelekwa kupigwa chapa, na hakuna mutu Bunia nzima atakayejua kwamba umekosekana kwa sababu yangu. Mama tu atajua kuna kitu kilikuwa hapo.

Asubuhi hii niliuandika. Kwanza ku mashini, nikauweka ku diski. Halafu na biki mu daftari, maana hata diski siiamini tena. Alama za juu ya herufi nimezitia na biki, zile zilizonishinda ku mashini. Nimejaribu kuusoma kama karatasi ya muteja yeyote. Sikuweza.

Mama Lotsove ameingia kwa Kavira sasa hivi, na mvula hii yote, nimesikia anakung'uta kitenge. Anaimba mustari wa kwanza, wa pili. Amesimama palepale.

"Mama, turuke hii," Kavira anamuambia. "Usijichokeshe. Tuende ku ingine."

Hapana. Isirukwe.

Nimebandua karatasi ku ukuta, imeacha alama nne za gundi. Ninaenda nayo pamoja na daftari, Kavira asome mwenyewe herufi zangu kubwa, nisipate nafasi ya kutafuta maneno ya bongo, ya kudanganya. Haya niliyoandika sitayaweka ku blogu yangu mbele sijarudi, maana Kavira hunisoma huku, na jambo hili alisikie kwa kinywa changu.

Na kama hii ni shajara ya kweli, niandike na hili la mwisho. Hata sasa kuna kitu mu moyo kinatamani nikianza kuimba Mama Lotsove aseme sauti yangu inapita ya Kavira. Mungu anihurumie.

Ninafunga mashini. Itaniuliza swali lake, nitajibu ndiyo, halafu nitaenda kupiga hodi.