Betri Niliyoitoa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Izia tu wazima, ila baridi imekaza na babu yako havui koti. Umeuliza kama kengele ya moshi uliyotufungia jikoni inafanya kazi. Haifanyi. Ilikuwa inapiga kelele kila nikikaanga vitunguu, nikatoa betri.

Nilipokuwa binti kule Kasense, tulikausha ulezi darini, juu ya mafiga. Kila cheche ikiruka nilipiga kelele, "Moto!" Mama akachoka, akaniambia ninyamaze. Siku dari liliposhika moto kweli, niliuona wa kwanza, nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Ulezi wote uliteketea.

Leo babu yako ameihamishia kengele koridoni, karibu na chumba chetu. Betri nimeirudisha mwenyewe, nikabonyeza kitufe. Imelia mpaka babu yako akaziba masikio, na sikuikemea.

Bibi yako