Ncha ya Kisu, Juu Kidogo

Songea, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na shangazi bado anakulazimisha kunywa uji wa ulezi? Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na Jumapili kama leo upweke unanila. Wenzangu wa karakana wakitoka misani wanakwenda kwao Mpitimbi kula na ndugu zao; mimi narudi chumbani, najipikia, nakula, naosha sahani moja. Siku za kazi nazo, wateja wakinikuta mlangoni wanauliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Nimechoka kuwajibu kwamba fundi ni mimi.

Basi nikusimulie kazi, utacheka. Chuo chenye karakana yetu kilitaka injini ndogo ya mvuke ya kukaa mezani, wanafunzi wajifunzie. Nikapewa flaiwili yake, lile gurudumu zito la kuifanya injini izunguke bila kusitasita, ila hili ni dogo kama kisahani cha kikombe. Ukingo umeinuka, katikati pamezama, na visu vya kukerezea nilivyovikuta hapa vyote vinene, haviingii. Nikachukua tupa kuukuu, nikaipasha moto, nikaipinda shingo, nikaizamisha kwenye oili chafu, nikainoa. Kisu cha kupendeza, baba! Nikakifunga mwenyewe kwenye mashine ya kukerezea, nikawasha. Mashine ikapiga kelele, gurudumu likatoka makunyanzi. Nikatengeneza kisu kingine. Yale yale. Mzee Komba, mkuu wa karakana, akaja akainama kutazama.

"We binti, mbona ncha umeiweka juu hivyo?"

Nikainama nami. Kumbe nilikuwa nakereza kana kwamba niko kwenye mashine yako! Ile ya kiwandani, iliyolegea, ambayo tulikuwa tukiipandisha ncha kidogo kwa kuwa kishikio cha kisu kikielemewa kinashuka chenyewe. Hii ya huku ni imara, haishuki. Nikaiteremsha ncha, nikaenda taratibu, vumbi jeusi la chuma likaanza kumwagika kimya kimya. Nikalia, baba. Si kwa furaha. Nilikukumbuka.

Juzi injini ilizunguka, hata wapishi wa chuo wakaacha masufuria kuja kuiangalia. Nikamweleza Mzee Komba lile kosa nimelitoa wapi. Akacheka sana, kisha akauliza, "Na huyo baba yako yuko wapi siku hizi?"

"Yuko getini," nikamjibu.

Ikabidi nimweleze kwamba tangu kiwanda kifungwe na kuuzwa, unakwenda kila asubuhi na ovaroli lako kungoja kuitwa. "Mwandikie aje," akasema. "Hawa vijana hawana wa kuwafundisha kunoa visu."

Posho si kubwa, lakini chumba changu kinagawanyika kwa pazia.

Uliniandikia kwamba mwenye kiwanda mpya amepaka geti rangi, eti ni dalili njema. Shangazi ameniandikia mengine: mashine zimetolewa kwa lori, zimeuzwa kama chuma chakavu, na yako ndiyo iliyotangulia kupakiwa, ukiwa umesimama pale pale. Mbona hukuniambia?

Nisalimie shangazi, na mjomba wa cherehani, na jirani yetu muuza maandazi anayekuwekea chai. Na wenzako wa getini, wote.

Baba, pale hakuna atakayekuita. Nakuita mimi. Njoo.

Mwanao,
Rehema