Damu Niliyokupa

Dodoma

Mdogo wangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia wiki ya tatu hii. Mwili unaendeleaje? Homa hakuna? Dawa unameza kwa wakati? Mimi mzima, cherehani inanipa riziki, ila wewe umenichosha. Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza. Ndiyo maana nimeandika, nikamwomba Mama akukabidhi barua hii mkononi.

Nimesikia posa yako kule Kiswere imekwama. Mjomba, mshenga wako, kanieleza kuwa baba yake Rehema anasema huwezi kumwoa binti yake kwa sababu una damu ya mwanamke, na watoto mtakaozaa watakuwa wangu mimi. Nikamuuliza, "Na Hamisi alijibu nini?" Akasema, "Hakujibu. Aliinamisha kichwa."

Uliinamisha kichwa. Wewe uliyekaa kwangu hapa miezi yote ile, ukasikia kila neno la daktari.

Au umesahau? Seli mundu ilikutesa tangu utoto. Mifupa ikikuuma ulilia mpaka Mama anatoka nje asikusikie. Nikapimwa, nikaonekana nalingana nawe. Nikachomwa sindano siku kadhaa ili seli shina zitoke kwenye uboho ziingie katika damu, mgongo ukaniuma kama nimebeba magunia ya korosho kutwa. Kisha nikalala saa nyingi, mrija mkono huu na huu, mashine inazichuja. Muuguzi akatuonyesha mfuko: "Hizi ndizo zinazozaa damu. Tuombe zishike kwa mdogo wako."

Zikashika. Ndiyo, kundi lako la damu sasa ni langu, na damu yako wakiichunguza itasomeka kama yangu. Lakini daktari alisema, nawe ulikuwepo, kwamba seli zangu zinatengeneza damu tu. Mwanamume ni yuleyule, na mtoto ukimpata ni wako.

Ukimpata. Hapo ndipo penyewe, Hamisi, na hapo ndipo ulipoinamia. Zile dawa kali ulizopewa kwanza, za kuondoa uboho wa zamani, daktari alituambia wazi zinaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Hakusema hutazaa, alisema huenda. Uliitikia, ukaweka saini. Leo umeona heri watu wakucheke kwa damu ya kike kuliko kumwambia Rehema neno hilo moja. Najua linauma. Lakini unamwacha msichana wa watu agombane na baba yake kwa jambo asilolijua.

Juzi Rehema kanipigia. Akasema, "Wifi, habari za damu ya kike mimi sina shida nazo. Ila Hamisi ananificha kitu. Ni nini?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe."

Akasema, "Kama ni habari ya watoto, basi aniambie. Nilipomkubali hakuna aliyejua kama atamaliza mwaka. Nilikuwa nahesabu watoto gani wakati ule?"

Huyo ndiye unayemkimbia. Nimemwambia utakwenda kwao Jumamosi, ukae naye na mamaye barazani, useme. Mjomba atakusindikiza. Umelima korosho msimu huu mzima bila kulazwa hata siku moja, safari ya Kiswere haikushindi.

Nisalimie Mama, na Mjomba, na shangazi yetu anayekuchemshia maji ya kunywa kila asubuhi kama daktari alivyoagiza. Shemeji yako anakusalimu. Naye amechoka kunisikia nikikusema.

Nilichoweza kukupa nilikupa, na ningekupa tena. Neno hili siwezi kukusemea.

Ni mimi dada yako,
Zuhura