Sanduku la Bibi Arusi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatatu asubuhi

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Kazi inakwendaje, na yule msimamizi wako mkali amepoa? Mimi shangazi yako sijambo, isipokuwa magoti, ambayo sasa ndiyo yanayonipangia ratiba. Paa la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa, na sasa linavujia kwingine.

Barua hii nampa jirani yetu nesi, anayerudi huko kesho, ikufikie kabla ya Jumamosi. Ningepiga simu, lakini nimeona kwamba mazungumzo yakianza kuwa mazito, mtandao wako hukatika.

Uliomba nikuandikie ile hadithi yetu ya bibi arusi na sanduku, upate kuwasimulia wenzako siku ambayo kila mtu ataonyesha utamaduni wa kwao. Hapa wengi hukosea, na wanafunzi wangu walikosea hivyo hivyo miaka yote niliyofundisha fasihi. Hudhani kwamba hadithi huonyesha jamii kwa lile funzo la mwishoni. Funzo ni nguo ya kutokea. Ukitaka kuijua jamii, tazama wasikilizaji wanachekea wapi, na ni nani chumbani asiyecheka.

Hadithi yenyewe ni fupi. Bibi arusi aliletwa kwa mumewe na sanduku zito lenye kufuli, wanaume wakilibeba kwa kupokezana. Mama mkwe akangoja lifunguliwe. Subira ikamwishia, akaleta shoka. Ndani mlikuwa na mawe. Bibi arusi akarudishwa kwao akiwa amejitwika sanduku lake mwenyewe, mawe na yote, watoto wa mtaa wakimzomea nyuma. Funzo: usijisifie usichonacho. Tulipokuwa wadogo tulipiga makofi kila ilipofika penye shoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza nani aliyatia yale mawe.

Na unajua desturi ya nyumba yetu. Msimulizi ana ruhusa ya kumvika mhusika tabia za mtu aliyemo chumbani, mradi asimtaje. Atakayenuna, basi amejitaja mwenyewe. Ndivyo tulivyomsema baba yako mdogo kwa uchoyo wake, mpaka akajifunza kuanza kucheka kabla ya wengine. Majirani hutusifu kuwa tu watu wa utani. Ni kweli, ila katika utani wetu anayeumia haruhusiwi kusema ameumia.

Siku hizi sanduku limepata mwenyewe. Dada yako, huyu tuliyemwita Redio kwa kuwa hana swichi ya kuzimia, amempa bibi arusi cherehani. Amempa pia pini za kubana midomoni na sauti inayopenya katikati ya pini hizo. Sina haja ya kukuambia anamwiga nani. Umelala naye kitanda kimoja. Na mawe ameyaondoa. Shoka likishuka, sanduku ni tupu. "Hata nepi moja," husema Redio, na hapo ndipo wanapochekea sasa.

Jana baada ya chakula cha mchana mkeo aliingia na sinia la chai katikati ya kicheko hicho.

"Wifi, umetukuta patamu," Redio akamwambia. "Hebu tumalizie. Sandukuni mlikuwa na nini?"

"Mnajua wenyewe, wifi. Shoka si mnalo ninyi?"

"Kumbe kuna kinachozaa," akasema mama yako. "Mdomo."

Baba yako mdogo alicheka mpaka chai ikampalia. Mkeo akammiminia mama yako kikombe, akampa kwa mikono miwili, akamuuliza kama sukari inatosha. Mama yako akasema inatosha. Kisha, mkeo akiwa bado amesimama pale na sinia, akatangaza kwamba Jumamosi wazazi wake wataitwa waje wamchukue. "Mwanangu ni mpole," alisema. "Hawezi kusema. Nitamsemea mimi." Redio ameshaanza kukipima chumba chenu kwa macho.

Nilimfuata mkeo chumbani. Alikuwa anakunja pindo la gauni la mteja. Hapokei vitambaa vipya tena; amewaambia wateja wake waje kuchukua nguo zao kabla ya Ijumaa. Nikamuuliza kwa nini hawaambii ukweli.

"Aliniomba nisiseme, shangazi. Nami nikamwambia sitasema."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshamaliza kushona," akasema, akakata uzi kwa meno.

Mimi ninajua, kwa sababu siku uliyotoka hospitali ulikaa kwenye kitanda changu ukalia, ukaniambia daktari amesema tatizo la kukosa mtoto ni lako wala si la mkeo. Ulisema utawaeleza ukishaizoea habari hiyo. Ni miaka mitatu sasa. Umeizoea vizuri sana. Umeizoea mpaka unaomba hadithi ukawachekeshe wageni.

Nikiwaambia mimi, mama yako atasema namsingizia mwanawe ili nimtetee fundi cherehani. Wataamini kwa mdomo wako tu. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wewe unaijua methali hiyo. Lakini kamba hii haikufungwa na wenyeji. Uliifunga wewe, ukapanda ndege.

Wenzako watakuuliza hadithi hii inasema nini juu yetu. Wajibu ukweli: kwetu mgeni huvunjiwa sanduku kwa shoka, na mwenye ufunguo huketi kando akisikiliza. Hadithi haikutufanya tuwe hivyo. Ilitukuta tuko hivyo, ikatuhifadhi. Lakini hadithi ya mdomo haina nakala moja kama kitabu. Kila anayeisimulia anaweza kuigeuza, kama Redio alivyoyaondoa mawe, na anayeyajua mawe ni ya nani anaweza kuyarudisha mahali pake.

Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri. Baba yako mdogo anakusalimu, anauliza kama huko viatu ni rahisi. Redio hakutuma salamu, ana simu. Nilipomuuliza mkeo nikuambie nini, alisema, "Mwambie salamu tu."

Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe ulimi. Mimi ni shangazi yako, nikupendaye bila kukubembeleza.

Leo hii, kabla hujaikunja karatasi hii, mpigie mama yako simu umwambie daktari alisema nini.