Mdogo Wako na Moto wa Ghala

Shoga, uko wapi? Mdogo wako katoka kwenye usaili sasa hivi!

Unajua mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za usaili hapa ofisini. Basi bosi kaona digrii ya historia, akacheka. Akacheka, shoga! "Binti, hii ni kampuni ya bima. Hapa hatusimuliani habari za wafalme." Halafu kikombe chake cha chai akakiweka juu ya cheti. Juu ya cheti!

Nikajua mdogo wako ameshakwenda na maji.

Bosi akamsukumia faili la lile ghala lililoungua, madai ambayo tumeshayapitisha. "Haya, mwanahistoria, tusomee." Kejeli tupu.

Mdogo wako akasoma, wala hakuharakisha. Kisha akapanga maelezo ya mashahidi mezani.

"Mlinzi, dereva na muuza matunda, wote wanasema moshi 'ulishuka kama pazia zito.' Watu watatu hawausimulii moto mmoja kwa maneno yaleyale. Haya kayatunga mtu mmoja."

Shoga, faili hilo limepita kwa wakaguzi watano!

Bosi jasho likamtoka. "Umejifunza wapi haya?"

"Kwenye hiyo digrii uliyoicheka."

Mdogo wako akainua kikombe, akachukua cheti chake, akakifuta kwa kiganja, huyoo akatoka.

Bosi kanituma nimkimbilie, nimwambie kazi ni yake. Mimi nimejifungia chooni nakuandikia wewe. Amfuate mwenyewe, na amwombe radhi!