Taulo la Chumba cha Picha

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele, hapa dirishani,
Jumapili mchana, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na yule mwanenu Kibabu, bado anakataa kuvaa viatu? Natumaini barua hii itawakuta wazima, mmekula na mmelala vizuri. Sisi huku tunaendelea. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ila mdomo wake haujaguswa na ugonjwa wowote, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Mimi nami nipo, kazini naenda.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda bafuni nikafungulia bomba ili Mama asinisikie nalia. Umeandika kwamba umeshaomba likizo, unakuja kunipa figo yako moja, na nisijaribu kubisha kwa sababu wewe ni mzima, wewe ulifutwa. Ningekupigia simu, lakini simuni hunikatiza hata salamu hazijaisha. Karatasi huwezi kuikatiza. Kaa chini basi, usome mpaka mwisho.

Kwanza tuyatenganishe majina, maana naona Mama amekuvuruga kichwa. Yeye anaamini haya maneno ya hospitali ni ukoo mmoja, baba mmoja mama mmoja. Si hivyo. Sisti ni kifuko kilichojaa maji. Kinaweza kuota kwenye ini, kwenye kizazi, popote, na kingine hakina neno kabisa, unazeeka nacho. Vya kwetu vinaota kwenye figo, tena vingi, vinasongamana mpaka figo yenyewe inakosa pa kukaa. Sistini ni kitu kingine. Hiyo ni sehemu ndogo ya protini, na kuna watu ambao figo zao zinashindwa kuirudisha mwilini, basi inaganda inakuwa mawe. Hayo ndiyo yalikuwa mawe ya Fundi Saa, yule jirani aliyeyatia kwenye kichupa akawa anayatikisa kila akipata mgeni. Na sistatini, hiyo ambayo Mama amekwambia imepanda, ni protini iliyomo kwenye damu ya kila mtu. Figo zikichoka kuchuja, inabaki nyingi, na daktari akiiona anajua zimechoka kiasi gani. Yangu imepanda kidogo. Kidogo, Kijiko! Daktari amesema huenda siku ya kuhitaji figo ya mtu ikafika, lakini si mwaka huu, na pengine si karibuni. Mama alisikia neno figo, mengine yote akayaacha palepale mlangoni kwa daktari.

Simlaumu. Hata Baba alichanganya. Unalikumbuka lile jagi la kijani? Fundi Saa aliambiwa anywe maji mengi kwa ajili ya mawe yake, Baba akaona dawa ya jirani ni dawa yake pia. Alikunywa maji mpaka tukawa tunamtania kwamba akiruka atasikika. Hayakumdhuru, ila vifuko havikwenda popote.

Sasa niseme la nyumbani, ambalo sijamwambia mtu. Ni la ule ukuta wa kwenye ujia, unapoelekea bafuni. Wakumbuka Baba akishikwa na ubavu alivyokuwa anasimama pale, kiganja ukutani, kichwa chini, nasi tunapita nyuma yake kimyakimya kama tunampita mtu anayesali. Baada ya msiba wake Mama alimwita mpaka rangi. Alipaka, akapaka tena, akaondoka na sifa zake. Alama ya kiganja imerudi. Mpaka rangi anasema ni mafuta ya ngozi, yameingia mpaka ndani ya plasta, yanapenya rangi yoyote. Sawa, yeye ndiye fundi. Lakini Mama akipita pale husema "samahani" na kujibana upande mmoja, kama anayempisha mtu.

Nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki. Sisemi kwamba namwona Baba, usije ukaniletea maombi. Namsikia tu. Kile kikohozi chake cha kusafisha koo, alichokuwa nacho kabla ya kusema jambo zito. Anasafisha koo, mimi nasimama na ndoo yangu kusubiri, halafu hasemi.

Siku moja natoka kuoga, ubavu ukanibana ghafla nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kiganja changu kilikuwa ukutani, juu ya alama yake. Kilikaa sawasawa, kidole kwa kidole. Mama alikuwa mwisho wa ujia ameshika beseni la nguo. Aliliweka beseni chini, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Kesho yake nikaenda kupimwa, palepale kazini kwangu hospitalini. Chumba unakijua: pazia zito, taa imefifishwa, mashine inavuma, ndiyo maana ukanibandika hili jina la Dada Giza. Ngoja nikueleze mashine yenyewe inafanya nini, maana hujawahi kuniuliza. Inatuma sauti mwilini, halafu inasikiliza ikirudi. Penye nyama inarudi. Penye maji matupu hairudi, na pale kwenye kioo panakuwa peusi. Ndivyo ninavyoitambua sisti. Ni duara jeusi, mahali ulipoita hukuitikiwa. Nimeyaona kwa watu wengi mno, kisha nikaenda kula chakula changu cha mchana kama kawaida.

Mzee wa Picha, aliyenifundisha kazi hii, unamkumbuka vizuri. Sheria yetu ni kwamba mpiga picha hasemi alichokiona, daktari ndiye anayesema. Yule mzee hakuwahi kuivunja kwa mdomo. Mikono yake ndiyo ilikuwa haijui sheria. Akikuta mtu ni mzima, alichukua taulo akamfuta mwenyewe yale mafuta ya baridi tumboni, taratibu, kama anamfuta mtoto. Akikuta jambo, alimpa mtu taulo ajifute, yeye akageukia mashine. Hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Watu wa kwenye foleni ndio waliokuwa nazo, na Mama alizipata kwao.

Siku ya Baba nilikuwa mwanafunzi, nimesimama pembeni ya pazia. Mzee alimpa taulo. Baba alilitazama kwanza, akasema, "Haya, basi nijifute." Tukarudi nyumbani watatu, yeye, Mama na mimi.

Baadaye tukapimwa mimi na wewe, na wote tukafutwa. Ulitoka mle ndani vifungo vya shati viko wazi, ukamkumbatia mlinzi wa getini ambaye hata salamu mlikuwa hampeani. Mama alicheka mpaka akakaa chini pale kwenye ngazi.

Sasa nisikilize, hapa ndipo penyewe. Hata mimi nilifutwa.

Mzee hakutudanganya. Alifuta kwa alichokiona siku ile, na siku ile hapakuwa na cha kuona. Vifuko hivi vinaanza vidogo kuliko kichwa cha pini, na kijana anaweza kupimwa akaonekana safi, kumbe vipo vimetulia vinamsubiri avuke thelathini. Mtoto wa mtu mwenye ugonjwa huu ni nusu kwa nusu, awe nao au asiwe nao. Sisi tuliuchukua mkono wa yule mzee kama hati ya maisha. Wewe umeoa kwa hati hiyo, umezaa kwa hati hiyo, na sasa unataka kutoa figo kwa hati hiyohiyo.

Mimi alinipima mwenzangu wa zamu, binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Nililala pale nikageuzia uso ukutani nisione kioo, kitu ambacho wagonjwa wakikifanya huwa nawatania. Alikaa sana ubavu wa kushoto, akahamia wa kulia, akarudi kushoto. Kisha akabonyeza, mashine ikanyamaza. Nikasubiri. Sikuwahi kusubiri kitu maishani kama nilivyousubiri ule mkono wake.

Akasema, "Dada, taulo hili hapa."

Naye hakuwa na habari. Nilimfundisha kushika kifaa, kupima urefu wa figo, kumwambia mgonjwa abane pumzi, kumbe na hili amelichukua kwangu, kama nilivyolichukua kwa mzee. Nilijifuta mpaka pakavu, nikaendelea kufuta. Nilipofika nyumbani Mama hakuniuliza majibu. Aliuliza kama nimefutwa. Nikatikisa kichwa kukataa.

Naogopa, Kijiko. Nakuandikia wazi kwa sababu hapa nyumbani hofu tumeifanya kama mgeni, tunampisha kwenye ujia na kumwomba samahani. Ile picha ya Kibabu mliyonitumia, amesimama sebuleni kwenu na kiganja ukutani. Najua, watoto wote hushika kuta, ndio wanajifunza kutembea. Niliitia kwenye droo, uso chini. Baadaye nikamwonea huruma mtoto, kosa lake nini, nikaitoa nikaisimamisha juu ya kabati. Yeye msimkimbize kwenye mashine yoyote, ni mdogo mno, hayo tutayazungumza na daktari. Wifi mwambie ukweli wote lakini, na umwambie wewe, si kupitia kwa Mama.

Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujakata tiketi, nenda ukapimwe upya hukohuko. Waambie habari za Baba, waambie na zangu, wakupime na presha. Usinijibu kwamba hujisikii kuumwa, hata mimi nilikuwa sijisikii. Ukitoa figo moja nawe una vifuko, hiyo utakayonipa itakuwa mbovu, na utakayobaki nayo itakuwa mbovu, na Mama atabaki na watoto wawili wa kuwashika mkono pale ukutani. Ukikutwa huna, njoo, tuzungumze. Ukikutwa navyo, njoo vilevile, ila figo zako uje nazo zote mbili.

Na mashine ikizimwa, usiitazame mikono ya mpiga picha wako. Nyoosha mkono uchukue taulo mwenyewe, kabla yeye hajachagua.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kile kitambaa kimefika na fundi cherehani ameshaanza kukiharibu. Mbusu Kibabu kwenye nyayo, kwa vile viatu hataki. Mzee wa Picha, nilipomtembelea, aliulizia habari zako, nikamwambia hujambo. Sikuwa na moyo wa kumwambia lingine.

Mama anakusalimu sana. Hajui kwamba nimekuandikia haya. Ameanika godoro lako juani, ameligeuza mara mbili. Jana nilimsikia kwenye ujia akiuambia ule ukuta kwamba unakuja. Alisimama pale kidogo akisubiri kuitikiwa, kisha akaenda zake jikoni.

Mungu akulinde huko uliko, akutangulie ndani ya chumba hicho, na atoke nawe.

Wako akupendaye hata ukinikasirikia,
Dada Giza