Figo ya Lavinia

Neiafu, 4 Machi

Mjukuu wangu Sitaleki,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi wazima, ila magoti yangu yamegoma. Mke wa mchungaji ananiandikia, na nimemkataza kulainisha maneno.

Nimesikia ya kwenye kikao cha kava cha mjomba wako. Ulikunja miguu mkekani kunywa hayo maji ya mizizi kama wanaume wenzako, kuinuka ukashindwa, wakakunyanyua kama gunia la mihogo. Halafu ukaacha vidonge vya kulinda figo, eti vinakula misuli ya mapaja! Chakula kimenishinda leo. Hiyo figo ni ya dada yako. Kwetu dada ndiye mkubwa, kaka hagusi hata mto wake wa kulalia. Wewe umepewa nyama ya mwilini mwake, unaiacha ioze? Phu! Vimeze leo.

Bibi yako

Auckland, 20 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, natumaini magoti yamepoa. Usisikilize ya watu. Miguu inarudi, juzi nimebeba nguruwe mzima hadi kwenye tanuri la mawe. Mkojo unatoka kama kawaida. Dada Lavinia hajui kwamba nimeacha vidonge, tafadhali asijue.

Mjukuu wako

Auckland, 11 Julai

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kimya. Naandika nikiwa kitandani hospitalini. Nilivimba uso, mkojo ukakauka. Mwili ulianza kuikataa figo. Wameiwahi, lakini imebaki na nusu ya nguvu. Vidonge vimeongezwa, mapaja yamelegea kama migomba iliyokatwa. Kuna mama ananifanyisha mazoezi ya kuinuka kitini.

Lavinia alikuja. Kwa heshima yetu ya kaka na dada alisimama mlangoni, akauliza tu, "Inauma?" Nikageukia ukutani.

Mjukuu wako

Neiafu, 30 Julai

Sitaleki,

Marahaba, ya shingo upande. Afya yako siiulizi, naijua. Umenichefua, mtoto wewe. Nimesomewa barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimetoka nje kutema mate. Nguruwe ulimbeba, dada ukamwangusha!

Sasa sikia. Mjibu Lavinia. Mwambie inauma, na kwamba umeiumiza wewe. Vidonge meza, hata miguu ikibaki nyuzi. Huyo mama wa mazoezi mtii kuliko unavyonitii mimi.

Krismasi njoo. Utakaa kwenye kava na wanaume, nami nitajibwaga kando yako. Bibi kizee hakai pale, najua, waje wanitoe. Atakayekucheka nitamzaba kofi. Wakishaondoka wote, tutatambaa sisi wawili hadi jikoni. Magimbi yatakuwepo.

Bibi yako